Firigisi ya Mkwe

Kapasa alikuwa na hadithi moja tu, na mkewe alikuwa ameisikiliza miaka ishirini na tano. Ilikuwa hadithi ya mgodi, enzi zile mgodi ukiwa mgodi. Balbu ikiungua nyumbani, unaichukua hiyohiyo iliyoungua, unaipeleka ofisini, unapewa mpya, na karani anakuuliza kama bomba la maji linatoka vizuri. Ijumaa nyama. Mwisho wa mwezi gunia la unga, zima, limeshonwa mdomo, wapagazi wanalishusha mlangoni na kukuomba uweke sahihi. Mtoto akizaliwa, mgodi unaleta maziwa. Mama wa nyumbani akitaka kujifunza kufuma sweta, anafundishwa bure na uzi anapewa. Akifika kwenye uzi, Kapasa humwonyesha mkewe kwa kidole.

"Muulizeni huyu. Si alifuma? Si nilivaa?"

Alifuma kweli, na akavaa. Kisha mgodi ukauzwa, wakaja wenye mgodi wapya, wakaondoka, wakaja wengine, na Kapasa akarudishwa nyumbani na karatasi ya kumshukuru na kiinua mgongo kilichoisha kabla ya mvua kuisha. Tangu hapo mji wa Luanshya umejaa wanaume wanaokaa vibarazani wakielezana walichokuwa wakila. Inaudhi kuwasikiliza, hasa kwa kuwa hakuna hata mmoja anayesema uongo.

Siku hizi gunia la unga wanaliona likipita tu mabegani mwa watu. Wananunua unga wa kupimwa kwenye vifuko vya nailoni, kifuko kimoja mlo mmoja, na vifuko hivyo watu wamevipa jina la Pamela. Huyo Pamela alikuwa nani hakuna anayejua. "Mwenya, hebu kimbia uniletee Pamela wawili," Mama Mwenya humwambia binti yake, na Kapasa akisikia hivyo hugeukia ukutani.

"Nyumba ya mchimbaji inalishwa na Pamela!"

"Mwenzio Pamela anakuja kila siku, Baba Mwenya. Huo mgodi wako mara ya mwisho ulikuja lini?"

"Nyie wanawake mlikula mkasahau."

"Maneno yako tungekuwa tunayatia chumvi, leo tungekuwa wanene."

Lakini hakuwa amesahau. Mama Mwenya hakuwa mtu wa kukumbuka kwa sauti, alikumbuka kimyakimya, na ndiyo maana yalimchoma zaidi. Wala hakukumbuka gunia au nyama. Alikumbuka alivyokuwa akimwaga. Mchuzi wa jana alikuwa anautupa nyuma ya nyumba, mbwa wa jirani anakuja kuulamba, naye anamfukuza akilalamika kwamba mbwa huyu ni msumbufu. Watu walionunua mgodi angeweza kuwasamehe siku moja, akiamka vizuri. Yule mwanamke kijana aliyekuwa akimwaga mchuzi hakuwa tayari kumsamehe.

Mwaka huo Mwenya akaposwa. Mposaji alikuwa Sampa, kijana mpole anayeziba pancha kwenye karakana ya kaka yake, upande wa pili wa mji. Mahari ikazungumzwa, ikaeleweka, ikabaki chilanga mulilo, siku ya kuonyesha moto. Siku hiyo upande wa mke wanapika kila wanachojua kupika, wanakibeba kichwani mpaka kwa bwana harusi mtarajiwa, aone atakavyolishwa. Kabla ya hapo mkwe hali kitu nyumbani kwa wakwe zake, hata maji anayaangalia tu. Baada ya hapo amekuwa mtoto wa nyumba. Vyungu vikikataliwa, posa imelegea, na binti anabaki na maneno ya watu.

Mama Mwenya mwenyewe alipoposwa, vyungu vyake vilikuwa ishirini na wanawake wa kuvibeba walikuwa thelathini, wengine wakigombea. Kila jirani alipika chake. Siku hizi jirani anakuletea sauti ya kuimba tu, na usipomwangalia anaondoka na kijiko chako. Kwa hiyo alipanga vyungu saba: maharage, dagaa, uyoga mkavu, majani ya maboga kwa karanga, nyanya chungu, ugali wa nshima, na kuku.

Kuku ndiye mwenye kesi. Lazima awe wa kienyeji, na lazima afike amekamilika, mabawa, mapaja, kidari, mgongo, shingo, kichwa, miguu, maini na firigisi. Shangazi wa mume anatoa kipande kimoja kimoja na kukitaja. Firigisi inakaa juu ya vyote, maana ni ya mwanaume wa nyumba na hakuna mwingine anayeigusa. Ikikosekana, hata watoto wanajua maana yake: yupo mwanaume aliyemtangulia mkwe kwenye chungu.

Kuku wa kienyeji siku hizi anauzwa kwa watu wenye magari. Mama Mwenya alifungua sanduku akatoa vitenge viwili vya harusi yake, alivyovaa mara tatu tu maishani, akampelekea dada yake kijijini, na dada akampa kuku mmoja, jike, mwenye miguu migumu ya kutembea sana. Yule kuku alikaa uani siku mbili amefungwa kamba. Kapasa alimwekea maji. Akamsogeza kivulini. Akamsifia kifua. Alikuwa hajaonja kuku tangu Pasaka ya mwaka juzi, na hata hiyo Pasaka alipata shingo.

Jumamosi asubuhi umeme haukuwepo, kama kawaida, wakapika kwa mkaa tangu jua halijachomoza vizuri. Kuku akachemka, akagoma, akachemka tena, mpaka akalainika. Mama Mwenya akampanga vipande vyake, firigisi juu, akafunika. Kisha akataka kwenda kuoga na kupitia kwa Bibi Kaluba, kungwi wa Mwenya, ambaye ndiye angeongoza msafara.

"Baba Mwenya, kaa hapa na hiki chungu. Paka wa jirani asikisogelee."

"Nenda. Mimi nililinda baruti chini ya ardhi, nitashindwa na kuku?"

Aliporudi alimkuta amekaa palepale, mikono juu ya magoti kama mtu aliye kanisani. Chungu kimefunikwa vizuri. Akafunua ili aongeze mchuzi juu, akaangalia, akaangalia tena, akachukua upawa akapekua mpaka chini.

"Firigisi iko wapi?"

Kapasa akawa anaangalia mkaa.

"Baba Mwenya, nakuuliza. Firigisi?"

"Niliionja."

"Firigisi haionjwi! Iko moja!"

"Ilikuwa imekaa juu," Kapasa akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayejitetea, ilikuwa ya mtu anayeshangaa. "Umeiweka juu, Mama Mwenya. Tangu umeingia nyumba hii, ukipika kuku, inayokaa juu ni yangu. Nilifunua kidogo tu nisikie harufu. Mkono ukaenda wenyewe. Nilipokumbuka kuku ni wa nani, nilikuwa nimeshameza."

"Mkono ulikwenda wenyewe. Na meno? Nayo yalikwenda yenyewe?"

"Ilikuwa ngumu," akasema Kapasa taratibu. "Ngumu vizuri. Kama zile."

Kama angekuwa na nafasi ya kulia angelia. Kama angekuwa na nafasi ya kumpiga kwa upawa, Mungu amsamehe, angempiga. Lakini wanawake walikuwa wameshaanza kukusanyika mbele ya nyumba, na ndani Mwenya alikuwa anasukwa nywele huku anacheka. Akavuta kanga, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda mbio kwa muuza vipande vya kuku wa kisasa pale kona.

"Nipe firigisi moja."

"Moja siuzi, mama. Ni fungu. Vichwa viwili, miguu minne, na firigisi."

"Nataka firigisi peke yake."

"Na mimi nataka nyumba ya ghorofa. Unachukua au huchukui?"

Alichukua fungu zima, akalipa kwa hela ya chumvi na sabuni. Firigisi yenyewe ilikuwa nyeupenyeupe, laini, ya kuku aliyelishwa chakula cha dukani na kuchinjwa kabla hajaijua dunia. Akaichemsha harakaharaka, akaigaragaza kwenye mchuzi. Bibi Kaluba, ambaye haoni vizuri barabarani lakini jikoni hana mwenzake, akaingia, akainama juu ya chungu na kunusa.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Bibi, usiniulize."

Bibi Kaluba akamwangalia Kapasa aliyekuwa bado amekaa, mikono magotini, akaelewa. "Ipake masizi kidogo," akasema. "Iweke chini ya kidari. Na tuombe Mungu shangazi yao awe na haraka."

Wakaondoka wanawake wanane na vyungu saba, vimefunikwa vitambaa vyeupe, wakiimba. Kapasa alisimama mlangoni akawapungia mkono. Mama Mwenya hakugeuka.

Kwa kina Sampa walikuwa wametandika mikeka sebuleni. Kijana mwenyewe amekaa kwenye kiti, kichwa chini, kama inavyotakiwa. Mikekani wamekaa wanawake wa upande wake, na katikati yao shangazi yake, Nkandu, mwanamke mpana anayeuza mafuta ya kupikia sokoni kwa kijiko na kwa vifuko. Mtu anayepima mafuta kwa kijiko kutwa nzima macho yake hayapitwi na kitu. Msafara ukaingia kwa magoti, vyungu vikashushwa, Bibi Kaluba akaanza kazi yake, na lazima isemwe kwamba alikuwa hodari.

"Haya ni maharage, baba. Siku isiyo na kitu, haya yapo. Huu ni uyoga, tumeuokota wenyewe, ukiona mwingine sokoni usiuamini. Hizi ni karanga, mwanamke wako amezitwanga mpaka bega likamuuma."

Wakacheka, wakaonja, wakatupia sarafu chache kwenye sahani. Shangazi Nkandu alionja kila kitu mara mbili. Wale wengine mikekani walikuwa wanakula kwa adabu, lakini kwa kasi, na Mama Mwenya aliona wazi kwamba nyumba hii nayo inamjua Pamela.

Kikaja chungu cha kuku. Shangazi Nkandu akakunja mikono ya gauni.

"Bawa. Bawa la pili. Paja. Paja. Shingo, kichwa, sawa. Miguu, tazameni magamba haya, huyu ametembea! Maini." Akachimba chini ya kidari. "Na wewe mbona umejificha huku?"

Akaitoa firigisi, akaiminya kwa vidole viwili. Akaacha kutabasamu. Akaing'ata pembeni, akatafuna kidogo, akaitema kiganjani.

"Laini," akasema.

"Imechemka sana, mwenzangu," Bibi Kaluba akadakia. "Mkaa ulikuwa mkali."

"Bibi, mimi nimeanza kula kuku kabla ya jana. Hii ni ya kuku wa kisasa. Huyu mwenye magamba firigisi yake iko wapi?"

"Labda paka..."

"Paka aliyefunua chungu, akachagua firigisi, akafunika tena? Basi huyo paka ndiye tumwoe!"

Mikeka yote ikacheka. Kisha ikanyamaza kidogokidogo, maana Shangazi Nkandu mwenyewe hakuwa amecheka. Aliiweka ile firigisi kwenye sahani tupu, akaisukuma mbele ya Mama Mwenya.

"Mkwe wangu, nakuuliza kwa heshima. Nani amekula? Kama kuna mwanaume anayemtangulia mtoto wetu huko kwenu, semeni leo. Vyungu vyenu mtabeba, hatutagombana."

Sampa aliinua kichwa. Hakutakiwa kuinua, lakini aliinua, na Mama Mwenya akaona macho ya kijana ambaye tayari ameanza kuwaza majina ya wanaume.

Akafikiri kusema ni yeye aliyeila. Lakini mama mkwe mlafi wa firigisi angekuwa wimbo mpaka wajukuu. Akafikiri kunyamaza, na akilini akamwona Mwenya, kama alivyomwacha nyumbani anasukwa nywele akicheka. Akafungua kinywa, na yaliyotoka hakuwa ameyapanga.

"Ni mume wangu."

"Ati?"

"Kapasa. Baba yake Mwenya. Nilimwachia chungu alinde, akala. Binti yangu hana mtu." Na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka, akaendelea. "Msimcheke. Huyo mnayemwona siku hizi alikuwa analeta nyama nyumbani kila Ijumaa, mpaka mchuzi tunamwaga. Unga ulikuwa unatufuata mlangoni. Balbu ikiungua anapeleka ofisini anapewa nyingine. Kuku tulikuwa tunakimbiza uani, yule atakayekamatwa ndiye huyohuyo, na firigisi anawekewa juu. Miaka yote hiyo anawekewa juu. Leo nikaweka juu, akadhani ni yake. Ana njaa. Na mimi nina njaa. Hatujala kuku mwaka wa pili huu."

Alisikia sauti yake ikisema balbu, ikisema Ijumaa, hadithi yote aliyomkataza mwenzake kuisema mezani, na aliona aibu kubwa kuliko ya firigisi. Mwanamke mmoja upande wa pili akapangusa macho. Shangazi Nkandu hakupangusa.

"Kila mtu hapa alikuwa na zamani yake," akasema. "Mume wangu alikuwa fundi umeme huko huko chini mgodini. Hajala firigisi ya mtu."

Wakatoka nje kushauriana, yeye na wenzake wawili. Walikaa kitambo. Waliporudi Shangazi Nkandu alizungumza akiwa amesimama.

"Binti hana kosa. Chakula kimepokelewa. Lakini baba mkwe aliyekula cha mkwe wake hatukai naye mkeka mmoja. Hilo hatukulitunga sisi, ndiyo mila. Kabla ya harusi mleteni kuku mwingine, mzima, wa kienyeji, yaishe. Mkishindwa, harusi itakuwepo, ila mzee asikanyage."

Ilikuwa hukumu nyepesi. Zamani mtu angeicheka, angetoka uani na mahindi kiganjani na kurudi na kuku amebanwa kwapani kabla watu hawajakunja mikeka. Mama Mwenya akapiga hesabu ya vitu vilivyobaki sandukuni. Kulikuwa na sweta moja la kufuma, limeliwa na nondo, na vyeti vya kuzaliwa. Wanawake wote walikuwa wanamsubiri. Bibi Kaluba akamgusa mgongoni ili aombe muda, walau mwezi, na kuomba muda kulikuwa kunaruhusiwa. Lakini mwezi ukiisha bei ya kuku itakuwa imepanda tena, na kitenge hakipo, na alikuwa amechoka kuomba.

"Hatakuja," akasema.

"Fikiri kwanza, mkwe."

"Nimefikiri. Hatakuja."

Wakarudi na vyungu vitupu, hawakuimba sana. Kapasa alikuwa kibarazani, ameoga, amevaa shati lake la kola. Mwenya alikuwa amesimama nyuma yake, nywele zimekamilika, anang'aa mafuta.

"Wamepokea?" akauliza Mwenya.

"Wamepokea. Harusi ipo."

Mwenya akapiga kigelegele, akakikatiza katikati alipoiona sura ya mama yake. Mama Mwenya akashusha chungu. Alikuwa amekusudia kumwambia Kapasa kwa upole, faragha, lakini njia nzima ile firigisi ngumu, ngumu vizuri, ilikuwa inamzunguka kichwani, na upole ukawa umeishia njiani.

"Wameijua. Nimewaambia ni wewe. Wamesema tulete kuku mwingine, au usikanyage harusini. Nimewaambia hutakanyaga."

"Mama!" akasema Mwenya.

"Unaye kuku, wewe? Toa."

Mwenya hakuwa naye. Akashika nguzo ya kibaraza, machozi yakaanza kumshuka bila sauti. Kapasa aliwatazama wote wawili. Akafungua kola ya shati.

"Kuku mmoja tu?" akauliza.

"Mmoja."

"Enzi zetu..." akaanza, halafu hakuendelea. Mkewe alisubiri, kwa mara ya kwanza alitaka aendelee, amalize, afike mpaka kwenye uzi na amwonyeshe kwa kidole. Kapasa alikuwa anayakuna magoti ya suruali yake. Alikaa hivyo mpaka wale wanawake wengine wakaona aibu, wakaaga mmoja mmoja.

"Wao wenyewe siku hiyo," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "watachinja?"

"Watachinja. Ni harusi."

"Basi mtanifungia kipande kidogo."

Mama Mwenya alimwangalia mumewe, mwanaume aliyekuwa akishushiwa gunia mlangoni.

"Tutakufungia," akasema, akabeba vyungu akaenda kuviosha.